Fomu Mbili na Kidole cha Papa

Bwenini, karibu na Kitale
Alhamisi, baada ya masomo

Papa mpendwa,

Mulembe. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua ya nyumbani huanza kwa kumhakikishia mzazi kwamba mwandishi ni mzima kama chuma cha pua. Mimi chuma hicho leo sina. Mwili hauna neno, nakula na kulala, na yale mafua ya baridi ya huku yamekwisha. Lakini kuna jambo lililonishika tangu Jumanne, nalo ndilo linalonifanya nikuandikie. Kama unasoma ukiwa kwenye bani ukikausha tumbaku, tia kuni kwanza, uangalie themometa, halafu ukae chini.

Kifua cha Mama kinaendeleaje? Usiniambie "ni sawa tu", maana wewe hata ng'ombe akivunjika mguu utasema ni sawa tu. Najua huu ndio msimu wa kukausha, na najua anakaa pale pale kwenye kivuli cha bani akichambua majani. Je, anakohoa asubuhi peke yake ama mchana pia? Na bibi yangu Kukhu, goti lake limekubali kutembea mpaka kanisani? Na yule mtamba wa kahawia amezaa? Nilimwacha na tumbo kubwa, nami huwa namwota.

Huku kunanyesha kila siku saa tisa, kana kwamba mvua nayo ina kengele yake. Mahindi yaliyozunguka shule yametupita urefu, hatuoni tena barabara ya kwenda Endebess. Wasichana wa kwetu Bungoma tuko wachache, na tukikutana tunaongea Kibukusu mpaka viranja watukataze. Uji wa asubuhi ni mwepesi, unaweza kuona sakafu ya kikombe. Hayo ndiyo maisha, na siyalalamikii.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya shule iko nje ya ofisi, na ukiongea, foleni nzima inasikiliza. Huko nyumbani nako ni vilevile, kwa sababu ukipokea tu unaweka sauti juu, na Mama, Kukhu na kila anayefunga majani siku hiyo wananisalimia kwa zamu. Mambo yangu ya leo hayawezi kusemwa mbele ya umati. Naomba uyasome peke yako, kisha wewe mwenyewe uamue utakachomwambia Mama.

Papa, tumepewa fomu za kuchagua masomo. Tukiingia kidato cha tatu hatutasoma tena sayansi zote tatu. Kemia ni lazima kwa kila mtu. Bayolojia na Fizikia zimewekwa wakati mmoja kwenye ratiba kwa kuwa maabara ni moja, kwa hiyo lazima uache moja. Anayetaka udaktari au uuguzi hawezi kuacha Bayolojia, na anayetaka uhandisi hawezi kuacha Fizikia. Chini ya fomu kuna mahali pa mzazi kutia sahihi, na mwalimu wa darasa anazitaka zote Jumatatu kabla ya saa nne.

Kwetu neno hili lilikwisha kuamuliwa, najua. Jumapili ile kabla nije huku, ulisimama mbele ya kanisa na shati lako jeupe, ukaniweka mkono begani, ukasema, "Huyu ndio dakitari ya mama yake." Watu wakapiga makofi, Mama akalia, Kukhu akapiga vigelegele mpaka mhubiri akacheka. Tangu siku hiyo huko nyumbani Malakisi hakuna anayeniita Nekesa. Hata mwenye duka la mafuta ya taa huniambia, "Dakitari, chupa yako iko wapi?" Nami nilifurahi, Papa, sitakudanganya. Nililipenda jina hilo.

Lakini Jumanne nilipoketi na fomu, nikaandika Fizikia.

Sijui nikuelezeje ili usidhani ni kiburi cha shule. Sikuandika kwa sababu naiweza. Bayolojia muhula uliopita nilipata sabini na nane. Fizikia nilipata thelathini na nane. Mwalimu wa Bayolojia aliponiona na ile fomu alinivuta kando akaniuliza, "Nekesa, umerogwa? Unaacha mlo uliopikwa unafuata kuni msituni?" Nikatazama viatu vyangu.

Unaona nimetaja hiyo thelathini na nane kana kwamba unaijua. Huijui. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, na afadhali niliseme lote sasa.

Likizo ya Aprili uliponiuliza ripoti, nilisema shule haijatoa. Ilikuwa imetoa. Ilikuwa ndani ya begi, chini ya sweta. Niliogopa uso wako ukiiona ile Fizikia, basi nikarudi nayo huku na kuitia sahihi yako kwa mkono wangu. Nakujua unavyoandika, Papa. Ile W kubwa inayoanzia mbali, kisha Wanyonyi lote polepole bila kuinua kalamu, na mkia wa y ya mwisho unaorudi nyuma kulipigia jina mstari. Nimekutazama ukiandika tangu nikiwa mdogo. Ulikuwa ukitaka kutia sahihi unatunyamazisha wote, unanawa mikono kwa sabuni na majivu, unaiangalia, unanawa tena, ndipo unaketi. Uliniambia uliacha shule darasa la sita, lakini jina lako uliondoka nalo.

Na hata unawe namna gani, ule utomvu wa tumbaku hauishi. Karatasi zako zote zina alama ya kidole gumba, ya kahawia inayokaribia weusi, pembeni kulia unapoishikilia isipeperuke. Mwalimu wa darasa huwa anatania, "Ya Nekesa haihitaji muhuri, imekuja nao." Kwa hiyo nilipokuandikia jina, nilijua halitoshi. Nilikwenda jikoni nikasugua kidole gumba kwenye sehemu ya chini ya sufuria ya uji, nikabonyeza pale pembeni. Ilitokea vizuri mno. Mwalimu alipokea ripoti, akatabasamu, akaiweka kwenye faili. Nilijisikia mjanja siku mbili, halafu nikaanza kuogopa kila aliponiita jina.

Habari zikaenea bwenini kwamba nina mkono wa kuiga sahihi. Nimewatilia sahihi baba za wasichana wawili, na mama wa mmoja. Nalo hilo nalikiri, maana hakuna faida ya kukiri nusu.

Basi Jumanne jioni rafiki yangu Chebet, anayelala kitanda cha juu yangu, akaniona nimeishika fomu tu, siandiki kitu pale chini.

"Wee, si usign tu?" akaniambia. "Wewe ndio fundi. Ati unangoja babako atoke Malakisi?"

"Hii si ruhusa ya kwenda kliniki, Chebet."

"Ni karatasi tu, bana. Akijua itakuwa ni form four, na utakuwa umepita. Atafanya nini?"

Nilimwona ana akili sana. Nikasema nitaanza na kidole, jina nitaandika baadaye nikiwa nimetulia. Jana mchana nikaenda jikoni wakati wapishi wako nje wakipepeta maharagwe, nikainama kwenye ile sufuria.

Hapa nikutajie Mama Sela. Ni mpishi wetu, mama mnene wa makamo, nyumbani kwao ni Cheptais, na kila mwisho wa mwezi akienda kwake hupita hapo Malakisi. Ndiye aliyekuletea barua hii, kwa hiyo sasa hivi amesimama mbele yako na huenda hajapewa hata kiti. Mpe chai. Sikumsikia akiingia.

"Wee mtoto," akasema, "unaosha sufuria yangu ama unaiba masizi?"

Nikaficha mkono nyuma. Akaniambia nionyeshe. Nikaonyesha kidole cheusi.

"Ya nini?"

Sijui kwa nini sikudanganya. Labda nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, "Ni ya kidole cha Papa." Ikabidi nimweleze yote, fomu, ripoti ya Aprili, utomvu, kunawa mara mbili. Alisikiliza huku ameshika mwiko.

"Na jina yake umeandika?"

"Bado."

"Kidole ndio umetengeneza kwanza."

"Ndiyo."

Akaketi juu ya gunia la mahindi. "Mimi nimepikia watoto hapa miaka mingi," akasema. "Nimeona wa kuiba mkate. Wa kuiba sukari. Kuna mmoja aliniibia mwiko, mpaka leo sijui alienda kukoroga nini. Lakini wa kuiba kidole ya babake, huyo sijaona."

Ndipo nikalia, Papa. Akaniambia, "Usirie hapa mbele ya chakula, utaongeza chumvi." Unajua watu wetu wanavyoigeuza l kuwa r. Kisha akasema, "Andika barua. Mimi kesho kutwa naenda nyumbani, Jumatatu asubuhi niko hapa. Huyo Papa nitamkuta kwa bani yake, si atakuwa hapo tu, tumbaku haina Jumapili." Nikamwambia utakasirika. Akasema, "Akasirike. Si ni wake?"

Kwa hiyo nakuandikia, na sasa nikueleze hiyo Fizikia imetoka wapi. Imetoka kwako.

Unakumbuka nikiwa darasa la tano ulikwenda matanga ya ndugu yako kule Chwele, ukaniachia bani siku nzima kwa kuwa Mama alikuwa amelala na kifua? Uliniambia themometa isipite mstari ulioufunga uzi mwekundu. Nami nikataka urudi ukute kazi imekwenda mbele. Nikatia kuni, nikatia tena, nikaona joto linapanda, nikajipongeza. Uliporudi ukafungua mlango, majani yalikuwa meusi yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Bani zima. Nilisubiri fimbo. Wewe ulisimama pale mlangoni muda mrefu, ukavua koti la matanga, ukaushika mkono wangu ukauweka ukutani. Ukasema, "Sikia. Moto hausukumwi, Nekesa. Unaufuata." Ukanipa kipande cha makaa, ukanifundisha kuandika ukutani kila saa joto limefika wapi. Ule ukuta bado una namba zangu.

Hukunipiga, nami nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo kwa nini majani yaliharibika. Kwa nini moto ule ule ukija polepole unayafanya kuwa ya dhahabu na ukija haraka unayaua. Nilikuuliza ukasema ndivyo yalivyo. Halafu muhula huu mwalimu wa Fizikia akaja na somo la joto, jinsi linavyotembea kwenye chuma, kwenye hewa, jinsi hewa yenye joto inavyopanda na kuvuta nyingine nyuma yake. Papa, nilisimama darasani bila kuitwa. Nikamuuliza, "Na moshi ukikataa kupanda?" Wasichana wakacheka. Yeye hakucheka. Aliniambia nieleze, nikachora bani letu ubaoni, mabomba yanayopita sakafuni, na lile bomba la moshi la nje. Akauliza, "Linafika juu ya paa?" Nikasema halifiki, liliishia chini ya ukingo wa mabati, kwa kuwa bati la kulimalizia lilienda kwenye choo. Akaniambia, "Basi upepo ukitoka mlimani unarudisha moshi chini, upande huu." Akaweka chaki pale pale, Papa. Pale anapokaa Mama.

Siku hiyo sikula chakula cha mchana. Miaka yote tumesema kifua cha Mama ni cha ukoo wao, kwamba mama yake naye alikohoa. Huenda ni kweli, mimi sijui, mimi ni msichana wa kidato cha pili mwenye thelathini na nane. Lakini nataka kujua. Nataka kujua bani linaweza kujengwa vipi likaushe kwa kuni chache na moshi uende zake. Usiku sikariri mifupa ya mwili, nafikiria mabomba.

Na hapa ndipo ninapoogopa, nisijifanye shujaa. Naogopa kwamba nitachagua Fizikia na kuanguka, na Malakisi nzima itakuuliza dakitari wako ameishia wapi, nawe utanyamaza kama ulivyonyamaza mlangoni mwa bani. Naogopa zaidi kwamba Mama atazidiwa wakati mimi niko darasani nikipima joto la maji, na mtu atasema, angesoma dawa angemsaidia. Neno hilo limeniamsha mara kadhaa. Halafu najijibu kwamba daktari husoma miaka mingi mno, na Mama anakohoa leo. Halafu tena najiuliza kama najijibu hivyo kwa sababu ni kweli ama kwa sababu ndivyo ninavyotaka. Sijui, Papa. Nimejaribu kuligeuza wazo hili kila upande na halitulii.

Tangu somo lile nimeongeza bidii. Jaribio la juzi nilipata hamsini na moja. Si nyingi, naijua hesabu. Mwalimu wa Fizikia alisema nina maswali mazuri na majibu mabaya, na kwamba majibu hufundishika. Nilitaka uyasikie maneno hayo kama alivyoyasema, bila mimi kuyatia sukari.

Hata usipokubali jambo langu lolote, hili moja lifanye. Msogeze Mama. Achambulie majani upande wa ghala, upepo hauendi huko. Na mkipata kipande cha bati, livute lile bomba lipite paa kwa urefu wa mkono mmoja. Kwa hilo huhitaji fomu.

Msalimie Mama, umwambie sijaacha kuvaa sweta alilofuma. Msalimie Kukhu, na anapoomba jioni anitaje kwa jina langu la Nekesa, Mungu asije akanitafuta kwa lile lingine. Msalimie Senge, dada yako, ambaye najua atasema alijua tangu mwanzo. Na wale akina mama wanaotufungia majani, wote, ila usiwasomee barua hii.

Sasa tazama ndani ya bahasha. Kuna fomu mbili, niliomba ya pili kwa mwalimu wa darasa nikasema ya kwanza imelowa, na huo uwe uongo wangu wa mwisho kwa muhula huu. Moja nimejaza Fizikia. Nyingine nimejaza Bayolojia, kwa mwandiko mzuri uleule, sikuifanyia hila. Pale chini zote ziko wazi. Tia sahihi moja, na ile nyingine uiwashie moto. Ikirudi ya Bayolojia nitalia, sikufichi, kisha nitaisoma na nitaipita, na hutasikia nikinung'unika. Nikimpa mwalimu fomu, yoyote itakayorudi, nitamwambia pia habari ya ripoti ya Aprili, adhabu ije.

Ombi moja tu lililobaki. Najua ukimaliza kusoma utatafuta sabuni na majivu. Utanawa, utaiangalia mikono, utanawa tena. Safari hii usinawe, Papa. Toka kwenye bani ulivyo, uketi, ushike kalamu. Jumatatu nikifungua bahasha, kabla sijaangalia ni fomu gani iliyorudi, nataka kwanza nione kidole chako.

Mimi binti yako,
Nekesa